Nyama ya Kusaga Haingoji Kesho

Siku ya kazi haina jioni ndefu. Askari wa zamu ya mchana hurudi nyumbani jua likiwa linatua, watoto wamekwisha kurudi kutoka shuleni na njaa yao, na mama wa nyumba, ambaye siku hizi aghalabu naye ana kazi yake ya ofisini, ya sokoni au ya kituoni, hana saa tatu za kukaa mbele ya sufuria. Maharagwe makavu hutaka saa mbili na zaidi juu ya makaa. Matoke hutaka kumenywa, kufungwa katika majani ya mgomba na kupikwa kwa mvuke mpaka yalainike. Vyakula hivyo ni vizuri, na nafasi inapokuwapo havina kifani. Lakini jioni ya Jumanne si jioni ya Jumapili. Ndiyo sababu nyumba nyingi za kambini, siku kama hiyo, huishia kwenye chai na mkate mkavu, au kwenye chapati ya kununua kando ya barabara, na watoto wakalala wameshiba unga mtupu.

Kuna chakula kingine kinachostahili jioni kama hiyo, nacho ni mkate uliojazwa nyama ya kusaga iliyokaangwa pamoja na mboga. Nusu kilo ya nyama hutosha watu 6. Sigiri moja hutosha kukipika, na tangu kisu kinapoanza kukata kitunguu mpaka sahani zinapowekwa mezani hazipiti dakika 40. Watoto hukipenda, wazee wasio na meno hukimudu, na askari anayetakiwa kurudi kazini baada ya nusu saa anaweza kukila akiwa amesimama. Lakini chakula hiki kina sharti moja ambalo vyakula vingine vya nyama havina kwa ukali huo: nyama iliyosagwa leo sharti ipikwe leo, iive yote, na iliwe ingali moto. Anayelishika sharti hilo amepata chakula chema kwa gharama ndogo. Anayelipuuza huenda akailipia nusu kilo ile mara mbili, mara ya kwanza buchani na mara ya pili hospitalini.

Asili ya chakula hiki

Kuweka nyama kati ya vipande viwili vya mkate si jambo la jana. Waingereza hukiita chakula hicho sandwichi, kwa cheo cha mwungwana wao mmoja wa karne ya 18, John Montagu, aliyekuwa Lodi wa Sandwich. Huko Marekani, katika jimbo la Iowa, tangu miaka ya 1920 watu huuziwa mikate midogo ya mviringo iliyojazwa nyama ya kusaga iliyopikwa ikiwa imetawanyika, bila ya kufinyangwa kuwa kibonge. Katika Afrika ya Mashariki nyama kama hiyo hujulikana kwa jina la kima, neno lililotoka Bara Hindi, wala halina uhusiano wowote na yule mnyama wa mitini mwenye jina hilohilo. Wahindi walikuwa wakifanya biashara pwani tangu zamani, na wengine kwa maelfu waliletwa kuijenga reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani, mahali paitwapo Kisumu leo, mwaka 1901. Chapati, sambusa na kima zikazoeleka bara, na leo hakuna anayeziita chakula cha kigeni.

Kwa hiyo mpishi wa Jinja, Mbarara au Gulu anayejaza mkate kwa kima haigi mtu. Anachofanya ni kuchukua kile kilichokuwa ndani ya sambusa na kukitia ndani ya mkate, akajiokolea kazi ya kukanda unga, kukunja pembe na kumwaga mafuta mengi katika karai.

Kwa nini kipande ni afadhali kuliko nyama iliyosagwa

Mtu anaweza kuuliza, ikiwa nyama ni ileile ya ng'ombe yuleyule, kwa nini iliyosagwa itakiwe kuogopwa zaidi? Jibu lake ni jepesi. Nyama ya mnyama mzima wa afya, kwa ndani, huwa safi. Uchafu huipata kwa nje: kutoka kwenye ngozi, kwenye utumbo uliopasuka wakati wa kuchinja, kwenye mikono ya watu, kisu, gogo la kukatia na nzi. Kipande kikubwa kikitiwa motoni, ule upande wa nje ndio unaoungua kwanza, na vijidudu hufa hapohapo. Lakini nyama inaposagwa, upande wa nje huingizwa ndani na wa ndani hutolewa nje, mpaka kusiwe tena na nje wala ndani. Kijidudu kilichokuwa juu ya ngozi ya nyama sasa kimo katikati ya kila tonge. Tena nyama iliyokatwakatwa hutoa maji yake yote, na katika joto la nchi zetu maji hayo ni shamba la kuzalia vijidudu.

Ulimwengu ulijifunza jambo hili kwa machozi. Mwishoni mwa mwaka 1992 na mwanzoni mwa 1993, katika majimbo ya magharibi ya Marekani, watu zaidi ya 700 waliugua kwa kula mikate yenye vibonge vya nyama ya kusaga ambavyo havikuiva katikati. Watoto 4 walikufa. Kijidudu kilichowaua ni cha jamii ya E. coli, nacho huishi katika utumbo wa ng'ombe bila ya ng'ombe mwenyewe kuugua, hivyo hata mnyama aliyeonekana mzima kabisa anaweza kukibeba. Sumu yake huharibu utumbo wa mtu, na kwa mtoto mdogo inaweza kuharibu figo. Baada ya msiba huo, mwaka 1994, serikali ya Marekani iliharamisha kuuzwa kwa nyama mbichi ya kusaga yenye kijidudu hicho, na wataalamu wa nchi ile huagiza nyama ya kusaga ifikishwe joto la nyuzi 71 za Selsiasi kote ndani.

Si nyumba nyingi zilizo na kipimajoto cha jikoni, na rangi peke yake haitoshi kuwa shahidi, kwa maana nyama inaweza kugeuka kahawia kabla ya kuiva. Hapo ndipo ubora wa kima unapoonekana. Kibonge kinene kinaweza kuungua nje kikabaki kibichi katikati. Bali nyama iliyotawanyika katika sufuria, ikivunjwavunjwa kwa mwiko na kisha kuchemka ndani ya nyanya kwa dakika 10, haina katikati ya kujifichia. Mchuzi unaotokota huzidi joto lile linalotakiwa. Mama asiye na kipimajoto na afuate njia hii, aviache vibonge kwa wenye vyombo vya kupimia.

Hata hivyo, ni vyema kila nyumba ijue dalili. Mtoto aliyekula nyama akashikwa na tumbo la kukata na kuharisha damu, hata kama siku tatu au nne zimepita, apelekwe zahanati au hospitali siku hiyohiyo. Asinunuliwe vidonge dukani, kwa sababu baadhi ya dawa zinaweza kuizidisha hatari ya figo. Daktari ndiye aamue. Njiani na anapongoja anyweshwe maji ya chumvi na sukari ya pakiti. Pakiti isipopatikana, lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa itiwe vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vikiwa vya kusawazishwa, kisha anyweshwe kidogo kidogo.

Kununua na kusaga

Mnunuzi mwangalifu haombi nyama ya kusaga. Huomba kipande, akakitazama, kisha akaomba kisagwe mbele ya macho yake. Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa. Nyama iliyokwisha kusagwa na kuwekwa katika beseni haina sura; ndani yake yanaweza kuwamo mabaki ya jana, vipande vya juu ya gogo na mafuta yaliyokataliwa na wanunuzi wengine. Kipande hakiwezi kuficha umri wake. Kiwe chekundu, kikavu kwa kuguswa, kisiwe na utelezi wala harufu kali, nao mzoga kilikotoka uwe na mhuri wa mkaguzi. Punje nyeupe kama za mchele ndani ya nyama, iwe ya ng'ombe au ya nguruwe, ni mabuu ya tegu; nyama hiyo isinunuliwe hata ikiwa bei yake ni nusu.

Bei hasa ndiyo mtego. Mwuza nyama akipunguza bei saa 12 jioni kwa nyama aliyoisaga saa 3 asubuhi, mnunuzi na ajiulize ni nani aliyemhurumia. Nyama ile imeshinda mchana kutwa katika joto. Mfuko ukiwa mwepesi, ni afadhali kununua robo kilo ya kipande kizuri na kuongeza mboga kuliko kununua kilo nzima ya nyama isiyojulikana.

Sehemu inayofaa ni bega, shingo au paja, yenye mafuta kiasi, kama sehemu 1 ya mafuta kwa sehemu 5 za mnofu. Mafuta hayo ndiyo yatakayoikaanga nyama, na chupa ya mafuta ya kupikia itabaki kabatini.

Mashine ya mkono ya kusagia nyama, ile ya kufungwa kwenye ukingo wa meza, ni chombo cha miaka mingi. Si lazima kila nyumba iwe na yake. Majirani watano wa mstari mmoja wanaweza kuchanga wakanunua moja, kwa sharti kwamba anayeiazima huirudisha ikiwa imefunguliwa vipande vyote, yaani parafujo, kisu na sahani yenye matundu, imeoshwa kwa sabuni na maji ya moto na kukaushwa. Nyama inayobaki ndani ya parafujo usiku mmoja ni sumu ya jirani wa kesho. Na kwa kuwa kambini Waislamu na Wakristo huishi ukuta kwa ukuta, mashine ya pamoja isisage nyama ya nguruwe hata mara moja. Wanaotaka kuisaga watenge yao. Ujirani mwema mara nyingi huvunjika kwa mambo madogo ya jikoni kuliko kwa mambo makubwa.

Pasipo na mashine, visu viwili vikali na ubao vinatosha. Nyama hukatwa vipande vyembamba, kisha hukatwakatwa kwa visu vyote viwili kwa zamu mpaka iwe laini. Kazi hii haipiti dakika 10, na kima yake huwa na ladha kuliko ya mashine kwa sababu haikupondwa.

Vinavyohitajika kwa watu 6

Nyama ya ng'ombe, nusu kilo. Vitunguu maji 2 vya kadiri. Vitunguu saumu, punje 3. Tangawizi mbichi, kipande kama ncha ya kidole gumba. Nyanya 4 zilizoiva. Karoti 2. Kiazi ulaya 1 kikubwa. Pilipili hoho 1. Binzari ya mchuzi, kijiko 1 cha chai. Chumvi, kijiko 1 cha chai. Maji, nusu kikombe. Kabichi, robo. Limau 1. Mkate, slesi 12, au mikate midogo ya mviringo 6.

Karoti na kiazi havikuwekwa kwa urembo. Vikikunwa, huongeza wingi wa kima karibu nusu, nacho kiazi hushikanisha nyama isimwagike kutoka ndani ya mkate. Badala ya kiazi, kikombe 1 cha maharagwe yaliyopikwa mchana huo, yakapondwa kwa mwiko, hufaa vilevile na huongeza nguvu ya mwili. Nyanya na limau nazo zina kazi yake: vitamini C iliyomo husaidia mwili kuichukua chuma, hasa ile ya maharagwe na mboga. Kwa sababu hiyo chai isinywewe pamoja na chakula hiki, kwani chai huizuia chuma. Ingojwe saa moja, kisha inywewe kwa raha zote.

Namna ya kupika

Jambo la kwanza ni mpango wa kukata. Mboga hukatwa kwanza na nyama mwisho. Kabichi italiwa bila ya kupikwa sana, na ikikatwa juu ya ubao uliotoka kukatiwa nyama mbichi, hadhari nyingine zote zinakuwa bure. Kabichi hukatwa nyembamba kama nyuzi, hutiwa katika bakuli, humwagiwa maji yanayochemka, hukaa dakika 1, kisha huchujwa na kutiwa chumvi kidogo na maji ya nusu limau. Vitunguu na hoho hukatwa vidogo, saumu na tangawizi hupondwa, nyanya hukatwa vipande, karoti na kiazi hukunwa. Baada ya hapo ndipo nyama iguswe. Ikiisha kukatwa au kusagwa, ubao, visu na mikono vioshwe kwa sabuni kabla ya kazi nyingine yoyote.

Nyama ya kusaga haioshwi. Maji hayawezi kutoa kilichomo ndani yake. Hutawanya tu maji ya nyama kwenye vyombo na kuondoa ladha. Kinachoisafisha nyama hii ni moto.

Sufuria pana iwekwe juu ya makaa yaliyokolea mpaka ipate moto hasa. Nyama itiwe ndani bila ya mafuta, itandazwe, na iachwe dakika 2 bila ya kuguswa. Kisha ivunjwevunjwe kwa mwiko mpaka pasiwe na donge. Itatoa maji na itaonekana kana kwamba inachemshwa. Hilo ni la kawaida. Iendelee kukorogwa kwa dakika 8 hivi, mpaka maji yakauke na sauti ya sufuria ibadilike kutoka kutokota hadi kukaanga. Sauti hiyo ndiyo ishara. Wapishi wengi hutia kitunguu kabla haijasikika, na matokeo yake ni nyama ya rangi ya majivu isiyo na harufu.

Hapo vitunguu maji na hoho viingie, vikaangwe katika mafuta ya nyama kwa dakika 4. Saumu, tangawizi na binzari vifuate kwa dakika 1 tu, kwa maana binzari huungua upesi na kuwa chungu. Kisha nyanya, karoti, kiazi, chumvi na maji vitiwe, vikorogwe, na sufuria ifunikwe. Vichemke kwa dakika 10. Mfuniko utolewe, makaa yachochewe, na kima ikaushwe huku ikikorogwa. Kipimo cha kukauka ni hiki: mwiko ukipitishwa chini ya sufuria, njia yake ibaki wazi kwa muda kabla ya kufungwa. Njia ikijaa mchuzi mara moja, bado. Kima yenye maji huilowesha slesi kabla mtoto hajaifikisha mdomoni. Mwisho yakamuliwe maji ya nusu limau iliyobaki.

Sufuria ikiisha kuteremshwa, mikate ipashwe juu ya kikaango kikavu au wavu juu ya makaa, upande mmoja tu, mpaka ipate rangi. Ule upande uliopashwa ndio unaogeukia nyama, maana ugumu wake huzuia mchuzi kupenya. Kila slesi ipate vijiko 3 vya kima, juu yake kabichi, kisha ifunikwe kwa slesi ya pili. Kila mtu hupata mkate mmoja kamili. Asiyeshiba aongezewe ndizi mbivu au embe kabla ya kuongezewa mkate mkavu.

Kazi hii si ya mama peke yake. Askari aliyefundishwa kujipikia porini hawezi kudai kwamba hajui kukatakata kitunguu nyumbani, na mtoto wa miaka 10 anaweza kukuna karoti na kukamua limau. Wakigawana, dakika 40 hugeuka kuwa 30.

Sahani ya anayerudi usiku

Katika nyumba za askari na polisi kuna desturi moja ya mapenzi ambayo inahitaji kuangaliwa upya. Mwenye zamu ya usiku huwekewa fungu lake. Sahani hufunikwa kwa sahani nyingine, huwekwa mezani saa 1 jioni, naye hurudi saa 6 za usiku akala kilichopoa. Kwa ugali mkavu huenda lisiwe jambo kubwa. Kwa nyama ya kusaga ni hatari. Vijidudu vingine vina mbegu zinazostahimili moto wa kupikia. Nyama inapopoa polepole, mbegu hizo huamka na kuzaana. Vingine huacha sumu ambayo hata kuchemsha tena hakuiondoi. Nyama iliyopikwa isikae nje ya moto zaidi ya saa 2, na mchana wa joto kali isipite saa 1.

Ikiwa anayengojwa atarudi baada ya muda mfupi, kima iachwe ndani ya sufuria ndogo yenye mfuniko, nayo iwekwe ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto juu ya makaa yaliyofunikwa majivu, mvuke ukiendelea kutoka. Kidole kisiweze kuvumilia joto lake. Lakini sigiri hiyo ikae nje, au barazani penye upepo. Kamwe isiingizwe chumbani milango ikafungwa, wala ndani ya zile nyumba za bati za mviringo ziitwazo unipoti, ambamo polisi wengi huishi na jamaa zao. Makaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala moshi. Aliyelala hataisikia, na huenda asiamke.

Ikiwa atarudi usiku wa manane, asiwekewe nyama. Awekewe slesi 2, nyanya, kitunguu kilichokatwa na mayai 2 mazima. Akifika, mayai huvunjwa juu ya nyanya zilizokaangwa, na kwa dakika 7 amepata mkate wake wa moto. Wako akina mama wanaoona kwamba kumnyima baba fungu la nyama ni kumvunjia heshima. Heshima ni kumpa chakula ambacho hakitamlaza kesho yake wakati wenzake wako gwarideni. Fungu lake la nyama alipate siku atakayokuwa nyumbani na mapema.

Kipimo cha leo

Friji hurefusha umri wa nyama mbichi ya kusaga kwa siku 1 au 2, ikiwa umeme haukukatika. Nyumba isiyo na friji haina siku hata moja. Kwa hiyo hekima yote ya chakula hiki imo katika kipimo: inunuliwe nyama ya watu watakaokula usiku huu, wala si ya watu walioandikwa katika kitabu cha familia. Gramu 80 kwa kila mtu zinatosha. Watu 3 ni robo kilo. Tangu Machi 2007, askari wa Uganda walipoanza kupelekwa Somalia, nyumba nyingi zimejifunza kupika kwa kipimo cha mtu mmoja kupungua. Si kazi rahisi. Mkono una mazoea yake, na mara nyingi hupima fungu la asiyekuwapo kabla akili haijakumbuka.

Kikibaki kijiko kimoja au viwili mezani baada ya wote kula, kigawiwe kwa mwenye nafasi tumboni. Kikibaki mpaka asubuhi bila friji, kitupwe, wala asipewe mtoto kwenda nacho shuleni. Hakuna jambo gumu kwa mwenye mshahara mmoja kuliko kutupa nyama, na ndiyo sababu ya kulipima jambo hili buchani, wakati fedha ingali mkononi, kuliko kulipima kesho yake mbele ya kopo la taka.

Juma lijalo: Namna ya kuhifadhi maharagwe yasitobolewe na wadudu.